Maji Niliyomnyima Mama Yako

Mwanangu Wakesho,

Siku aliyokufa mama yako aliniomba maji, nami nikamwambia mtungi ni mtupu. Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeujaza mwenyewe asubuhi ile ile.

Neno hili sijamwambia mtu yeyote. Kwa padre nimeungama mambo madogo madogo mengi, hili nimeliruka kila mara. Nimeliandika juu kabisa ya karatasi kwa sababu najijua. Kama ningeanza na salamu na habari za mbuzi, ningefika mwisho wa karatasi bila kulisema.

Wewe sasa uko na nyanya yako, mmekwenda kuwaaga majirani. Mimi nimekaa mlangoni na ubao wangu wa shule magotini, jua bado liko juu ya kilima. Kesho asubuhi baba yako atakuchukua, mtateremka mpaka Mwatate, mtapanda gari la moshi la Taveta. Barua hii nitaikunja ndani ya kanga yako ya pili. Isome ukiwa peke yako, wala usiisome ndani ya gari.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, wala kuamka mapema, wala kumheshimu mke wa baba yako. Hayo nyanya amekuambia tangu juzi mpaka umeyajua kwa moyo. Jana nilikuona ukifungua mdomo pamoja naye kama mtu anayefuata sala kanisani. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni maji.

Unajua wanavyonicheka kule mtoni. Nina miaka kumi na minane, wewe kumi, na nakuita mwanangu. "Raheli," husema yule mwanamke wa nyumba ya chini, "huyu ulimzaa ukiwa na meno ya utoto?" Na wenzake hucheka mpaka vibuyu vinawaponyoka. Mimi huinamisha kichwa, hujaza mtungi wangu, huondoka. Kwetu mdogo wa mama ni mama, hakuna cha kujitetea, na hata hilo dogo sikuweza kulisema. Siku moja wewe, ukiwa na miaka saba, ndiye uliyemjibu. Ulisimama na kibuyu chako kichwani ukasema, "Alinizaa kwa mgongo, kwa kunibeba." Wakacheka zaidi, lakini kwa wema. Mimi nilikuwa nimeshafika nusu ya njia, nimeuficha uso.

Siku hizi huwajibu tena. Unainamisha kichwa kama mimi. Hilo umejifunza kwangu, na ni moja ya mambo yanayonifanya niandike.

Ulikuwa na miaka mitano. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini baba yako alikuwa bado hajarudi kutoka kwenye upagazi, na mvua za mwaka ule zilikosa. Mto wetu ulipungua ukawa uzi mwembamba kati ya mawe, watu na ng'ombe wakinywa mahali pamoja. Ugonjwa wa kuhara ukaingia nyumba hii, ukatoka, ukaingia ile. Ulipofika kwetu ulimwangusha dada yangu Mghoi, mama yako.

Wewe umekulia hapa, unajua desturi. Mtu anayehara hapewi maji. Hupewa mahindi makavu ya kukaanga, au ugali wa jana uliochomwa juu ya makaa, ili tumbo likauke. Nyanya alifundishwa hivyo na mama yake, na mama yake na mama yake. "Anatoka maji, nanyi mnataka kumwongeza maji?" aliwaambia wanawake waliokuja kutuangalia. "Wewe ukiwa na mtungi uliotoboka utaendelea kuujaza? Si utauziba kwanza?" Alisema kwa ukali. Alikuwa anampigania mtoto wake kwa silaha pekee aliyopewa. Nakuomba hilo ulishike tangu sasa, usiliachilie hata ukinikasirikia mimi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nimeshasoma misheni miaka miwili. Wiki chache kabla ya ugonjwa ule, Mwalimu Yohana alikuja darasani na ua jeupe. Alilitia shina lake katika chupa ya maji yenye wino mwekundu, akaliacha dirishani. Kesho yake ua lilikuwa na mishipa myekundu kama mkono wa mzee.

"Nani aliyeyapandisha maji haya?" akauliza.

Akaliinua ua tulione vizuri, akajijibu mwenyewe:

"Hakuna mtu. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na hushika kuta za mishipa ile myembamba, basi yanavutana mpaka juu. Na hayapandi mikono mitupu. Maji huyeyusha vitu vingi kuliko kinywaji chochote mnachokijua, chumvi, sukari, na ile chumvichumvi ya udongo inayolisha mmea. Huvificha ndani yake, huvibeba, huvifikisha. Ndani yenu ni vivyo hivyo. Damu ni maji yaliyobeba mizigo. Yakipungua, mizigo inakwama njiani."

Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Basi Mwalimu, sisi ni vibuyu vinavyotembea."

"Vibuyu vinavyopiga kelele," akasema mwalimu, na darasa lote likacheka.

Baada ya somo nilimfuata mpaka mlangoni. Ni jambo ambalo sikulifanya kabla wala baada ya siku ile. Nikamwuliza kwa sauti ya chini: na mtu anayehara? Hakunicheka. Alisema, "Huyo ndiye anayehitaji maji kuliko wote. Yachemshwe, yapoe, yatiwe chumvi kidogo, anywe kidogo kidogo, hata akitapika apewe tena."

Kwa hiyo nilijua, Wakesho. Nisikudanganye kwamba nilikuwa mtoto asiyejua. Nilikaa na jibu hilo kichwani siku tatu nzima huku dada yangu akikauka mbele yangu. Macho yake yalizama. Ukiibana ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama, kama kitambaa kilichokunjwa kikasahauliwa. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie Mama, yaani nyanya yako. Mara ya kwanza aligeuka akauliza, "Unasema nini?" Nikasema, "Nauliza kama nilete kuni." Mara ya pili hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu, mchana, nyanya alitoka kwenda kutafuta majani ya dawa, akaniachia mgonjwa. "Akiungua mwekee kitambaa cha maji usoni," alisema. "Lakini kinywani, hapana. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilirowesha kitambaa nikamwekea kwenye paji la uso. Akaivuta pembe yake mpaka mdomoni, akaanza kuinyonya kama mtoto mchanga. Nikakitoa. Mwanangu, nilimtoa kitambaa kinywani kwa mkono huu ninaoandikia.

"Raheli," akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Nipe maji, mdogo wangu. Funda moja."

"Mtungi ni mtupu, dada."

"Mtupu?"

"Nitakwenda mtoni Mama akirudi."

Aligeuza kichwa akautazama mtungi, pale pembeni ulipokaa kwenye mchanga wake. Aliutazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya, mdogo wangu. Usijali," akafumba macho. Wewe ulikuwa nje ya mlango unajenga nyumba ya vijiti, unazungumza peke yako. Nyanya aliporudi na majani yake mama yako alikuwa bado anapumua. Jua lilipotua hatukuwa naye tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya. Ningeweza kusema kweli, kwamba Mama amekataza. Lakini dada yangu angeniomba mara ya pili, na mimi ningelazimika kuchagua kati ya wawili hao. Nikisema mtungi ni mtupu, basi si mimi niliyechagua, ni mtungi. Nadhani hiyo ndiyo sababu. Sababu ndogo kiasi hicho.

Siku ya matanga nyanya alinishika mabega mbele ya watu akasema, "Huyu ni mtoto mtiifu. Nilimwambia hata tone, na hata tone hakumpa." Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Nilisifiwa, Wakesho. Mpaka leo mtu akinisifu huanza kutafuta pa kujificha.

Miaka miwili ikapita nikidhani kwamba angalau uongo wangu ulimsaidia kidogo, kwamba alikufa akiamini hatukuwa na maji. Kisha Mwalimu Yohana akaleta darasani mtungi wa udongo na debe la bati, vyote vina maji ya kisima kimoja, vyote vimekaa kivulini tangu alfajiri. Tukaonja. Maji ya debe yalikuwa vuguvugu, ya mtungi yalikuwa baridi. Akaeleza kwamba udongo una vitundu vidogo visivyoonekana, maji hupenya humo yakafika nje, yakageuka mvuke. Na maji hayageuki mvuke bure, lazima yachukue joto, basi huchukua joto la wenzake waliobaki ndani. Ndivyo jasho linavyotupoza sisi tukilima saa sita. Bila hivyo tungeungua ndani kwa ndani kama magari ya moshi yasiyo na maji.

Nilikuwa naandika haraka. Nilipenda somo lile. Ndipo akauliza, "Bila kufunua kifuniko, mtajuaje kama mtungi una maji?"

Darasa zima likapiga kelele, "Umelowa, Mwalimu! Tumbo lake linatoka jasho!"

Kalamu ikaniponyoka. Hata mtoto wa miaka minne anajua hilo. Mama yako aliteka maji tangu hajaota meno yote. Alipogeuza kichwa aliuona mtungi umelowa mpaka mchanga wa chini yake. Akajua umejaa. Akajua namdanganya. Kisha akaniambia nisijali.

Nilimwambia mwalimu tumbo linaniuma, nikatoka, nikakaa nyuma ya jiko la misheni mpaka kengele ikalia. Mtu mwingine angesema maneno yale ya mama yako yalikuwa msamaha. Mimi sijaweza kuyapokea hivyo. Sikuwa nimemwomba msamaha, na yeye hakusema amenisamehe. Alisema nisijali. Pengine alinihurumia. Pengine alichoka tu. Nimeyageuza maneno yale kila upande na bado sijui, na wa kuulizwa hayupo.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Voi na maharagwe? Ulikuwa na miaka minane, hujawahi kuona mji. Tulifika kwenye duka la Bwana Salimu karibu na stesheni, yule mzee wa pwani mwenye kofia nyeupe, na gari la kutoka Mombasa lilikuwa limeshusha kisanduku cha barafu iliyozikwa ndani ya unga wa mbao, ya Wazungu wa nyumba ya wageni. Kipande kimoja kilikuwa kimevunjika. Bwana Salimu akakuita.

"Njoo mwanangu, hebu tia kidole. Usiogope, halina meno donge hili."

Ukagusa, ukaruka. "Linaunguza!"

Alicheka mpaka akaishika kofia yake. "Linaunguza! Subhanallah! Siku zote hizo sijamsikia mtu akisema barafu yaunguza!" Akakitia kipande kile ndani ya bilauri ya maji, nacho kikaelea. Ukachuchumaa ukakitazama kwa makini. "Mbona halizami? Si jiwe?"

"Hilo muulize mamako hapo," akasema. "Naona ana uso wa msomi."

Wanaume watatu waliokuwa barazani wakanigeukia. Nilijua jibu, nikatazama vidole vya miguu yangu. Nilikupa jibu njiani tu, tulipokuwa tunarudi stesheni na hakuna wa kusikia. Nilikuambia kwamba vitu karibu vyote vikipoa hujikunyata vikawa vizito. Maji nayo hufanya hivyo, ila yakikaribia kuganda hugeuka, huanza kutanuka, basi barafu huwa nyepesi kuliko maji yaliyoizaa. Nchi za baridi ziwa huganda juu tu, likawa na paa, na chini ya paa samaki wanaishi. Kama barafu ingezama, ziwa lingeganda kutoka chini mpaka juu, na hakuna samaki ambaye angebaki.

"Samaki wanajua?" ukauliza.

"Hawajui."

Ukatembea hatua chache. Kisha ukauliza, kwa sauti ile ile uliyoulizia samaki, "Mama alikufa na kiu?"

Hukusema nani aliyekuambia. Nami sikuuliza. Nilisema, "Tembea haraka, gari litatuacha." Gari lilikuwa bado halijafika hata. Tulikaa stesheni muda mrefu, wewe umeulaza ubavu wako kwenye mfuko mtupu wa maharagwe, na mimi nikiwa na jibu mdomoni. Hukuuliza tena, siku ile wala nyingine yoyote. Nafikiri siku ile ndipo ulipoanza kuinamisha kichwa.

Nakujibu leo. Ndiyo. Alikufa na kiu, na mimi nilikuwa na maji.

Sijui kama angepona. Nisikuongezee wala nisikupunguzie. Wako waliokunywa mwaka ule na wakafa, wako walionyimwa na wakapona. Ila angekufa amekunywa. Angekufa mdogo wake amemshika kichwa na kumwinamishia kata ya maji. Hilo lilikuwa katika uwezo wangu, halikuhitaji mwalimu wala dawa.

Tangu hapo nimeyafuata maji, nikiuliza habari zake, kama mtu anayezunguka nyumba ya yule aliyemkosea bila kuthubutu kubisha. Mwalimu Yohana alidhani napenda elimu tu. Alinieleza kwamba maji ni hewa mbili zilizoshikana. Moja ukiisogezea moto inaungua, nyingine ndiyo inayoupa moto nguvu, lakini zikishikana huuzima moto. Alinitajia majina yake ya kizungu, nikayaandika, nikaipoteza karatasi. Alinieleza pia kwa nini mawe ya mtoni huunguza nyayo saa sita na maji yaliyo kando yake ni baridi. Maji hayana haraka ya kupata moto, wala hayana haraka ya kupoa, na kwa sababu tumejaa maji miili yetu haigeuki kila jua linapogeuka. Niliyapenda mambo hayo yote. Kila moja lilinifurahisha kisha likanirudisha chumba kile.

Huko Taveta maji ni mengi. Baba yako alisema chemchemi zinatoka ardhini hata mwaka wa kiangazi, na watu wa Bomeni wana mifereji inayopita kando ya migomba. Asubuhi kabla ya mawingu utauona mlima mkubwa wenye kichwa cheupe. Weupe ule ni maji yaliyolala, ni kama kipande cha Bwana Salimu, ila hakuna anayeweza kukibeba. Nimewahi kuuona kwa mbali tu. Nitazamie.

Na katika nyumba unayokwenda kuna mtoto wa miezi mitano. Wewe ndiye utakayembeba, nina hakika, kwa sababu una mgongo mzuri na wanawake hulijua hilo mara moja. Bonde lile lina joto, na maji mengi si lazima yawe maji safi. Maji hubeba kila kitu, yale mazuri na yale mabaya, na ukiyatazama huoni tofauti. Siku moja nyumba ile itakuwa na mgonjwa anayehara. Sijui mama zao waliwafundisha nini, lakini naogopa ni kile kile tulichofundishwa sisi. Watakuwa watu wazima, nawe utakuwa mtoto wa mke wa kwanza, mgeni, msichana wa mlimani.

Sikuambii ugombane nao. Sikuambii kwamba ni rahisi. Ningekuwa nani wa kukuambia hivyo? Nakuambia tu jinsi mambo yalivyokuwa kwangu. Nilidhani ningehitaji maneno mengi, kumweleza Mama habari za ua na wino na mizigo ya damu, na maneno hayo sikuwa nayo. Kumbe maji yangeifanya kazi yote yenyewe. Mimi nilitakiwa kuinua kata tu. Kama utashindwa kusema, inua kata. Kama utaweza kusema, sema hata mara moja, hata sauti ikikatika katikati. Wakikukasirikia, kasirikiwa. Mimi nimejaribu ile njia nyingine, ya kusifiwa.

Sasa kuna jambo la Jumapili iliyopita, na hili ndilo gumu zaidi kwangu.

Ulikuwa umekwenda kanisani na wenzako. Mimi na nyanya tulibaki tunapukuchua mahindi. Tangu baba yako alipoleta habari kwamba atakuchukua, nyanya amekuwa akimtaja Mghoi kila siku, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akichoma viazi vikaungua. Ghafla akasema, "Raheli."

"Naam, Mama."

"Siku ile nilipokwenda kuchuma majani. Ulimpa maji kwa kuiba?"

Aliendelea kupukuchua, hakunitazama.

"Sitakukasirikia. Nilimsikia dresa wa serikali kule sokoni, yule anayefunga watu vidonda. Alisema anayehara anyweshwe, anyweshwe sana. Akasema wanaowanyima ndio wanaowaua. Alisema mbele ya watu wote, na watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilirudi nyumbani sikula." Punje zikamponyoka zikatawanyika chini. "Niambie tu, mwanangu. Hata funda moja?"

Mwanangu, nilimtazama. Amekonda siku hizi, umeona. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta punje sakafuni na havizioni.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Nilimpa."

"Alikunywa?"

"Alikunywa kata nzima."

Akaushika mkono wangu akauweka shavuni mwake, na shavu lilikuwa limelowa. "Ewe mtoto usiyesikia," akasema. "Ewe mtoto mkaidi." Alilirudia hilo mara nyingi, akilia na kucheka, kama mtu anayetaja jina la mtu aliyerudi safari. Hata siku moja hajanisifu hivyo. Jioni ile alikula, ukashangaa, ukasema, "Nyanya leo ana njaa."

Kwa hiyo nimedanganya mara mbili juu ya maji yale yale. Uongo wa kwanza naujutia kila siku. Wa pili bado sijaujua. Pengine ni dhambi nyingine juu ya ile, pengine nimemfanyia mama yangu kile nilichoshindwa kumfanyia dada yangu. Nilidhani nikimpa nyanya jibu lile moyo wangu utatulia kidogo. Haukutulia. Nilikaa siku mbili nikiona kwamba nimemwibia Mghoi hata kiu yake, kwamba sasa duniani hakuna anayejua alivyokufa isipokuwa mimi. Nikaona haifai hilo lijulikane na mimi peke yangu. Wewe ni mtoto wake. Uliniuliza wazi, na ulistahili kujibiwa.

Ukinichukia, nitaelewa. Nichukie huko huko, polepole, usijilazimishe kuacha kabla hujamaliza. Ukimwita mke wa baba yako mama, na ukaona neno hilo linamfaa, mwite. Lakini barua zako kwa nyanya atakayezisoma ni mimi, kwa kuwa yeye hajui kusoma, na kila utakachoandika nitamtamkia kwa mdomo wangu mwenyewe. Usiweke jambo hili ndani ya barua hizo. Na siku utakapokuja kututembelea, akikuketisha karibu naye akuhadithie jinsi mama yako alivyokunywa kata nzima kabla ya kufa, maana atakuhadithia, ameshaanza kuwahadithia majirani, wewe sikiliza mpaka mwisho, mwambie umefurahi.

Barua hii ukishaisoma ichome. Usimwambie baba yako, usimwambie padre wa huko. Mimi nimebeba siri hii peke yangu miaka mitano na sasa nakutwisha nusu yake, mtoto wa miaka kumi, na hilo nalo nitalijutia. Nakuomba, Wakesho, kwa muda wote aliobakiza wa kuishi: nyanya asijue.

Mimi niliyekubeba,
Raheli